Nilizichora Upya Kadi za Wifi Yangu

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, maana mwenzio hapa nilipo sili nikashiba wala silali nikapata usingizi, na wa kumweleza sina, kwa sababu niliyekuwa namweleza mambo yangu yote ndiye huyohuyo niliyemkosea. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Yeye ni fundi cherehani, mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, mashine ya kukatia karatasi.

Miaka sita iliyopita nilimpelekea mabaki ya karatasi ngumu akatie vielelezo vya kola, badala yake akachukua kalamu ya kuchovya na wino mweusi, akachora mkasi wake kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa karata, mkasi na kutu yake na uzi ulionasa mpinini, nikasema toba, na mimi nataka! Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana tulikuwa mezani kwake, cherehani imefunikwa, sisi wawili na kichupa kimoja cha wino, tunachora vitasa, mafungu ya funguo, paka amelala, paa zinazoonekana dirishani, chochote ilimradi kienee kiganjani, na raha yake, mshauri, sijui nikuambieje, unasikia kalamu inakwaruza tu, ukija kuinua kichwa chai imepoa na umemaliza mtaa mzima unaoingia kwenye mfuko wa shati. Tukajiunga na chama cha watu kama arobaini wa miji mbalimbali wanaotumiana kwa posta michoro midogo kama hiyo, wenyewe wanaiita kadi. Kadi haiuzwi, inabadilishwa kwa kadi, na nyuma yake unaandika “kazi ya mkono wangu” na kutia sahihi.

Mwaka jana macho ya wifi yakaanza kumsaliti. Mistari ikawa inapishana, dirisha linatoka nje ya ukuta wake, na akiniuliza, “Wifi, mstari wangu bado upo?” mimi namjibu upo, tena umenyooka kuliko wangu. Kwa kuwa bahasha zote nilikuwa nazipeleka posta mimi, niliona uchungu watu wamcheke, basi saa ya chakula kazini nikawa nazifungua, nakwangua kwa wembe palipokosewa, napitisha wino wangu juu ya wake. Nilianza na moja tu. Barua za sifa zikaja, namsomea, anacheka mpaka anajifuta machozi, na mimi, maadamu maji nimeshayavulia nguo acha niyaoge, nilijua vile vivuli vya wino vinavyosifiwa ni vyangu, na nilifurahi.

Mwezi uliopita mwanachama mmoja, mpima ardhi mstaafu, alirudisha kadi ili wifi atie sahihi aliyoisahau, na siku hizo watoto wa wifi walikuwa wamemnunulia mama yao taa yenye lenzi. Akaiweka kadi chini ya taa. Sasa wifi ni wa mkono wa kushoto, vijistari vyake vya kutia kivuli huinamia kushoto, vyangu huinamia kulia, na mimi mjinga muda wote ule sikuwahi kuliwaza hilo. Alitazama wee, akasema, “Huu si mkono wangu.” Halafu akaniuliza ni kadi ngapi. Nikasema tatu.

Mshauri, ni hamsini na nane.

Tangu hapo kalamu zake amezifungia kwenye kopo la biskuti, amemwambia kaka ampe yeyote anayezitaka, na kutwa anakaa ameukazia macho ukuta. Daktari alishasema mwisho wa mwaka hataiona tena ncha ya kalamu, kwa hiyo hii miezi ndiyo iliyobaki ya kuchora, na hachori. Kaka anasema, “Ishia hapohapo kwenye tatu, heri nusu shari kuliko shari kamili, ukimtajia hamsini utammaliza.” Mimi mwenyewe nikishika kalamu naiweka chini. Nimwambie, au nife nayo?

Wifi Asiye na Uso

JIBU

Pole, dada. Na pole hiyo uipokee harakaharaka, maana nina ugomvi na wewe.

Alikuuliza swali moja tu. Hakumuuliza daktari, hakumuuliza mumewe, alikuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaujua mstari wake. Ukamvisha kilemba cha ukoka. Usiniambie habari ya huruma! Kadi ya kwanza nakubali ilikuwa huruma, lakini ya ishirini ulikuwa unasubiri barua za sifa. Umelisema kwa mdomo wako, na ndiyo maana nimekaa kukujibu.

Halafu hiyo tatu. Jamani, tatu! Kaka yako anampenda mkewe, ila yeye hachori. Hajui kwamba mtu akishaona mkono wa mwingine kwenye kadi yake moja, anaanza kuzitilia shaka zote, hata zile za miaka mitano ya mwanzo alizochora macho yakiwa mazima. Hicho ndicho anachokitazama pale ukutani, anajiuliza kama aliwahi kuchora hata kidogo. Ukimtajia hamsini na nane, na siku uliyoanza, unamrudishia miaka mitano iliyo yake bila doa. Ukinyamaza umemnyang'anya yote. Njia ya mwongo ni fupi, dada, na yako imeshafika mwisho.

Kwa hiyo utamwambia. Jumamosi hii, si ijayo, mchana, ana kwa ana, kaka yako akiwepo au asiwepo. Taja idadi, taja kadi ya kwanza ilikuwa ipi, sema na hili la kupenda sifa. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia itabidi akubembeleze yeye. Akikuuliza mistari yake ilikuwaje, mwambie dirisha lilitoka nje ya ukuta, na usiongeze kitu. Wale arobaini wa chama utawaandikia ukweli huo wewe, kwa jina lako. Pengine atataka kuendelea kuchora hivyohivyo, ukuta huku, dirisha kule. Wapo watakaocheka na wapo watakaozipenda. Hiyo ni kazi yake na hao ni watu wake, wewe usimkingie kifua.

Sikuahidi kwamba atakusamehe. Macho yake hayarudi, na inawezekana kile kiti chako mezani pake ndiyo basi tena. Nenda hivyohivyo. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Akichukua kalamu, kaa mbali naye, mikono yako mapajani. Na ikimdondoka, iache hapo sakafuni mpaka aseme mwenyewe, “Wifi, niokotee.”