Mizizi ya Dalia Iliyowekwa Darini

Ibaba, 16 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Bibi amenikataza. Mimi ni mzima, ila Bibi kifua kinambana tangu baridi ianze. Wewe na biashara ya maua huko Tunduma mnaendeleaje?

Jumanne ilianguka sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi. Asubuhi maua yote ya dalia yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndoo ya maua niliyompa Judith muuza viazi akuletee ndiyo ya mwisho mwaka huu.

Siku hiyo hiyo Baba mkubwa Ezron alikuja akapima shamba kwa hatua. Alisema, "Marehemu mdogo wangu alipenda mambo. Maua hayaliwi. Shemeji asipokuja mwenyewe kupanda kwenye mvua za kwanza, naweka viazi."

Bibi akamjibu, "Na maua yako ya pareto unayala na chumvi?"

Majirani waliokuwa wakitazama walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa mizizi inatakiwa kuchimbuliwa. Baba ndiye aliyekuwa akiihifadhi kila mwaka. Tuiwekeje?

Mwanao,
Ikupa

Chapwa, Tunduma, 2 Julai 2024

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Mimi sijambo kiasi. Mpe Bibi pole, umkande kifua kwa maji ya moto.

Huku wanaulizia dalia, hasa nyeupe. Wiki hii imekuwa na misiba mitatu na nimekosa cha kuwapa. Kuhifadhi mizizi sijui, baba yako hakutaka mtu aiguse. Muulize Bibi, yeye ni mkulima tangu zamani. Oktoba naja kupanda. Mwambie shemeji nimesema.

Mama yako

Ibaba, 20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Hii ni barua ya tatu tangu Julai. Labda zile mbili hazikukufikia.

Bibi alisema mbegu ni mbegu, hukaa darini juu ya jiko pamoja na mahindi, moshi ufukuze wadudu. Nikaipandisha yote. Jana tumeiteremsha. Imesinyaa, myepesi kama magunzi. Nilimpelekea mwalimu wetu wa kilimo mzizi mmoja, akasema mizizi hii hubeba maji ndani. Ilitakiwa kufukiwa kwenye mchanga mkavu, mahali pa baridi. Moto wetu wa kupikia ndio ulioiua.

Nilipomweleza Bibi alikaa chini akasema, "Mwanangu nimemzika mara mbili." Tangu hapo hali chakula vizuri.

Kati ya mizizi thelathini na minane, minne ina jicho la kuchipua. Njoo, Mama. Minne inatosha kuanzia.

Mwanao,
Ikupa

Chapwa, 9 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usinilaumu. Kuja sasa hivi siwezi. Panda hiyo minne. Na usome.

Mama yako

Ibaba, 1 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unalala salama. Bibi hatoki tena kitandani.

Judith ameniambia alichokiona: kwamba una mimba kubwa, unaishi na dereva wa malori, na unaona haya kurudi kwa wakwe zako. Alisema polepole, akidhani nitalia. Bibi alisikia kutoka chumbani. Akasema, "Mtoto hana kosa. Aje naye." Hayo ni maneno yake mwenyewe, sikuongeza.

Nilipanda minne, mitatu imechipua. Nimeikata vilele kama Baba alivyofanya, ili itoe matawi. Baba mkubwa amelima shamba lote, amebakiza tuta hilo moja. Jana alisimama hapo na jembe begani.

"Ikupa, mimi si mtu mbaya. Mama yako akisimama hapa mwenyewe kabla ya Krismasi, shamba lote namrudishia. Asipokuja, na hili nalima."

Nikamwambia, "Atakuja." Sijui kwa nini nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

Judith anayekuletea barua hii anarudi huku Ijumaa. Nijibu kwa mkono wake, hata neno moja: unakuja, au niing'oe hii mitatu nikaipande nyuma ya nyumba?

Mwanao,
Ikupa