Mlio wa Pili

Kibondo, Jumatatu, 9 Februari 1998

Wewe uliyeshika daftari hili, sijui u nani. Nakuomba usimsomee mtu. Usimsimulie mtu, hata kwa kubadilisha majina. Lirudishe ulikolikuta, ndani ya mfuko wa sukari, nyuma ya stabilaiza ya umeme. Kama ni lazima usome, soma kimya, na yaishie hapo.

Ofisini mimi ni Immakulata Tharsisi, karani wa mgao wa chakula, mzaliwa wa Munanila, wilaya ya Kasulu. Yote ni kweli. Lakini nyumbani mama ananiita Akimana. Mama na marehemu baba walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, wakikimbia mauaji. Mimi nikazaliwa huku, 1974. Karatasi hatuna. Tumelima, tumesali, nimesoma mpaka kidato cha sita, na hakuna aliyeuliza. Sasa wanauliza.

Leo mvua tena. Daraja la kwenda kambini kwa wakimbizi na Kasulu limekwenda na maji, limebaki gogo moja la kuvukia kwa miguu. Gari la karatasi za mgao halipiti. Mwajabu wa redio call ameshinda akisoma hesabu kwa sauti. "Kaya ya watu sita, ova. Nimesema sita, jamani, ova." Jioni alikuwa anakwaruza kama kuku mgonjwa. Bwana Athuman, mkuu wetu, akasema watu hawawezi kukosa unga kwa sababu ya koo la Mwajabu. Akaniwekea mezani laptop ya Mholanzi.

Mholanzi ni fundi aliyekuja Desemba, akaugua malaria, akarudishwa kwao. Alifunga antena moja juu ya tangi letu la maji na nyingine kambini, na kuleta kadi mbili za kuchomeka ubavuni mwa laptop ili zizungumze bila waya. Ya kambini aliimaliza. Ya kwetu hakuifikia. Halafu ndani hamna Windows, kuna Linux.

"Wewe si ulisoma hesabu?" Bwana Athuman.

Nikasema ndiyo.

"Basi imekwisha hiyo."

Jumatano, 11 Februari

Haijaisha.

Ukichomeka kadi, laptop inalia mara mbili. Mlio wa kwanza mwembamba: nimekuona. Wa pili ukiwa mwembamba pia, kadi inafanya kazi. Ukiwa mzito, maana yake nimekuona, lakini sina pa kukuweka. Kwangu wa pili ni mzito. Kila mara. Nachomoa, nachomeka. Pii — buu.

Mwajabu anasema laptop yangu inacheua.

Mchana nilipanda kwenye tangi kukaza antena. Nilipotazama chini kulikuwa na askari, mwavuli mkononi, ananiangalia. Akauliza ule ungo unaelekea wapi. Nikasema kambini. Akasema kambini na Burundi ni upande mmoja, dada, unaongea na nani huko? Nikamwambia bado siongei na mtu, haifanyi kazi. Akacheka. Alisema ikifanya kazi nimwite. Akaenda zake.

Nilishuka nikaendelea na kazi.  

Jumanne, 17 Februari

Siku zote hizi nasoma. Mholanzi aliacha sidii yenye maelezo ya kila kitu. Ni marefu, kwa Kiingereza kigumu, lakini hayadanganyi. Aliniambia kabla hajaugua kuwa mfumo huu ni bure na kila mtu anaruhusiwa kuufungua aone ndani umeandikwaje. Nilidhani ni maneno ya Wazungu. Kumbe kweli. Kila faili linafunguka. Kila kosa limeandikwa lilitokea wapi, saa ngapi. Hauna mahali pa kujificha.

Naupenda. Pia unanitisha kidogo.

Bado mzito.

Alhamisi, 19 Februari

Melkiadi, dereva wa lori la maharage, amefika kutoka Kasulu. Lori kaliacha ng'ambo ya mto, kavuka kwenye gogo, suruali mpaka magotini tope jekundu. Akaomba chai. Akasimulia amesimama.

Munanila askari wamekusanya watu uwanjani. Yeyote mwenye asili ya ng'ambo. Wengine wana nyumba za bati, wana kahawa, wajukuu wako shule. Wamepewa muda wa kuchukua blanketi. Kambi za Kasulu zimejaa, kwa hiyo malori mengine yanaletwa huku kwetu.

Mwajabu akauliza, hata wazee? Melkiadi akasema wazee ndio wengi, vijana walikimbilia migombani.

Bwana Athuman akasema Mungu awasaidie. Kisha akaniuliza: "Imma, wewe si wa huko huko? Kwenu wazima?"

Nikasema wazima.

Nilimaliza chai yangu. Nikaosha vikombe vyote, hata visivyo vyetu.

Ijumaa, 20 Februari

Mlio wa pili umetoka mwembamba.

Tatizo lilikuwa dogo. Kila kifaa ndani ya laptop hupewa namba ya kuitia kazi. Kadi ilikuwa inapewa namba saba, na saba imeshashikwa na tundu la printa, ambayo hata hatuna. Tundu tupu linashikilia kiti. Nikafungua faili la mipangilio, nikaandika mstari mmoja wa kuikataza saba. Nikachomeka. Pii — pii.

Mwajabu alipiga kigelegele, akanishika mabega akanitikisa. "Shoga, cheka basi!" Nikacheka. Alinitazama akaacha kunitikisa.

Namfikiria mama. Alikuwa na kikohozi Krismasi.

Jumatatu, 23 Februari

Kadi inalia vizuri lakini haimsikii mwenzake. Maelezo yanasema kila kadi ina namba ya mtandao, tarakimu nne, na zisipofanana zinapishana kama watu wasiojuana. Ya kambini Mholanzi hakuiandika popote. Ikabidi tuchague mpya, tuiweke pande zote mbili.

Kule anayeishika laptop ni Reverien. Mkimbizi, alikuwa mwalimu wa hisabati Bururi, kwao Burundi, na kwake kila msichana ni mademwazeli. Sijawahi kumwona, namjua sauti tu kwenye redio call. Bwana Athuman akasema haya, taja namba.

Nikasema 1972. Ilitoka yenyewe. Sikuichagua.

"Mbona sabini na mbili? Ndipo ulipozaliwa?"

"Hapana, bwana. Namba tu."

Mwajabu akaisoma redioni, tarakimu moja moja, ova.  Tukadhani amepotea hewani. Kisha Reverien: "Nimepokea. Hiyo, mademwazeli, siwezi kuisahau. Ova."

Masafa yale yanasikilizwa na kila mtu. Nilimwangalia Bwana Athuman. Alikuwa anatafuta miwani.

Kabla ya saa kumi nikaituma salamu ya kupima, ikarudi. Kila sekunde inakwenda na kurudi. Hesabu za mgao zote zimepita Mwajabu akiwa bado anakoroga chai. Watu wa kambini watapata unga kesho. Nilijiambia hilo ni jambo jema, na najua ni jema.

Jumanne, 24 Februari

Malori ya Munanila yamefika kambini. Reverien ametuma idadi tu.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Asubuhi kanisani. Ofisini Mwajabu akasema nimejipaka masizi, nikamweleza, akasema basi usioge leo.

Saa saba mchana Mwajabu alikwenda kuswali. Nilibaki na Bwana Athuman. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kwa sababu anapenda kutazama ile programu ya mazungumzo. Skrini inakatwa katikati, juu maneno yako, chini ya mwenzako, na herufi zinatokea moja moja anavyobonyeza. Akikosea unaona anakosea.

Reverien akaeleza utaratibu wa waliotoka Munanila. Mwenye ndugu nje ya kambi wa kumsemea anawekwa pembeni, asikilizwe na wakaguzi. Asiye na mtu anapandishwa lori Ijumaa, anahamishiwa kambi ya mbali. Akataka tukubaliane tu idadi ya vyakula vya safari.

Kisha akaandika, polepole:

kuna mama mmoja hapa ameniona nabonyeza. anauliza huko ngambo kuna mtu

Bwana Athuman akacheka. "Mwambie tupo."

Nikaandika: Tupo.

nimemwambia ni mademwazeli. anauliza kama amekula

"Mjibu, mjibu," Bwana Athuman anasema. "Mwambie hajala, anangoja ugali wake."

Nikaandika: Bado sijala.

Kisha:

anasema ule. anasema muhogo usiuache upoe maana tumbo lako halipendi baridi

Bwana Athuman akacheka tena. Mimi nilitazama skrini. Tumbo langu halipendi ugali wa muhogo uliopoa. Tangu mdogo.

Nikaandika: Muulize ana ndugu wa kumsemea.

anasema hana. mlangoni pia alisema hivyo. hana mtoto hata mmoja. mimi namwandikia asiye na mtu, lori la ijumaa. ni sawa?

Akaongeza: anakohoa sana huyu

"Maskini," Bwana Athuman alisema. "Bibi hana hata mtoto. Haya, mjibu ni sawa, twende kwenye unga."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya vibonyezo. Niliona vinaandika. S-i-s-a-w-a. Si sawa. Ana mtoto. Ni mimi.

 

Bwana Athuman akasema taratibu, "Futa."

"Haifutiki, bwana. Kila herufi inafika palepale."

"Futa, Imma."

Nikabonyeza kitufe cha kufuta, maneno yakaondoka herufi kwa herufi, huku na kule. Lakini Reverien alikuwa ameshasoma. Chini ikatokea: nimemwambia. amekaa chini. anasema mimi ni mwongo, hana mtoto

Halafu: lakini analia mademwazeli

Bwana Athuman akavuta kiti, akakaa mbali kidogo nami. Sijawahi kumwona ameketi bila kuegemea.

"Sabini na mbili," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Na fomu yangu ya ajira umejaza raia."

"Nilizaliwa Munanila. Swali liliuliza nilipozaliwa. Lingine nilijaza kwa kuogopa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema yeye ana watoto wanne Ujiji. Akasema wakaguzi wanapita hapa kila Alhamisi kutazama majina ya wafanyakazi. Alisema vyote viwili kwa sauti moja, sikujua kipi ndicho jibu. Kisha akachukua kofia akatoka.

Mwajabu aliporudi aliniuliza mbona majivu yamefika mashavuni.

Nilikula ugali. Nilihakikisha una moto.

Alhamisi, 26 Februari

Bwana Athuman hajafika. Huwa wa kwanza.

Kwenye benchi la getini amekaa yule askari wa mwavuli. Anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alinisalimia vizuri. Labda anakwepa mvua tu.

Asubuhi Reverien ameniandikia: herufi hazitoshi. Wakaguzi wanataka mtu, mdomo wake, mbele yao, kabla lori halijaondoka kesho. Akasema kila anayekuja kumsemea mwenzake anaulizwa na yeye ametoka wapi. Akasema mademwazeli, sikushauri, nakueleza tu. Mama amelala. Amekubali maziwa.

Kutoka hapa mpaka kwenye gogo ni mteremko. Mwajabu anajua nimechukua kanga mbili na sweta. Hakuuliza. Alinifungia chapati kwenye gazeti, akasema, "Zingali za moto, bibie, usizibanie huko njiani." Kisha akavaa zile spika zake za masikioni, akanigeuzia mgongo, akaanza kuita vituo ambavyo saa hizi havijibu.

Kwa hiyo ni wewe, Mwajabu. Nilikuomba mwanzoni bila kujua ni wewe. Daftari nakuachia hapo hapo, kwenye mfuko wa sukari, kwa sababu wewe pekee ndiye mwenye kupenda sukari kiasi hicho. Niliyokuomba ukurasa wa kwanza bado nakuomba.

Nikirudi jioni, sahau haya. Nisiporudi, redioni usiniite. Wanasikiliza wote. Nipate hivi:

Laptop iko droo ya chini. Washa jenereta kwanza, betri yake haifai. Jina la kuingilia ni karani, neno la siri ni kitu ulichosema laptop yangu inafanya, herufi ndogo. Chomeka kadi, picha iwe juu, sukuma mpaka igome. Usiilazimishe.

Sikiliza. Wa kwanza utakuwa mwembamba. Ngoja wa pili. Ukiwa mzito, chomoa, hesabu mpaka kumi, rudia. Asubuhi kukiwa na unyevu hufanya hivyo. Namba ya mtandao ni ile ile, usiibadilishe hata wakikuambia.

Reverien ataweka ya kwake wazi saa saba, wakati wako wa kuswali, kwa sababu ofisi inakuwa tupu. Samahani kwa hilo. Fungua ile programu ya mazungumzo. Ukiona skrini imekatwa katikati, usiandike Immakulata. Andika Akimana, mara moja, kisha toa vidole. Nikiwepo nitakujibu mwenyewe. Akijibu mwingine, muulize nimekula nini. Kama hajui tumbo langu, zima, chomoa kadi, irudishe kwenye droo. Naelekea kwenye gogo.