Mgonjwa Asiruhusiwe

3 Machi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Presha inaendaje, na goti je? Mimi mwili mzima, ila usingizi ndio unanikimbia.

Ni miezi mitano sasa tangu mwanao aanguke kutoka kwenye nguzo ya umeme akatutoka, na watu wameshachoka kunipa pole. Siwalaumu, kila mtu na mzigo wake. Wiki iliyopita nilishona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto. Msimamizi akaliinua karakana nzima ilione. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kulia nyuma ya majora ya vitambaa.

Mpiga pasi wetu, mzee aliyefiwa na mkewe, akanifuata huko. Hakunipa pole. Alisema tu, "Jumamosi vaa viatu vya kufunga." Kumbe wako watu kumi na mmoja, wafiwa watupu, na kila Jumamosi huenda kutembea katika ule msitu wa serikali nje ya mji. Sharti lao ni moja: ukiokota kijiti getini, hakuna wa kukuuliza kitu mpaka ukitupe mwenyewe. Nilishika changu saa tatu nzima. Mama, hujui ninavyochoka kujibu "naendelea vizuri". Mle ndani kuna ubaridi, harufu ya majani mabichi na yaliyooza, na ndege mmoja mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Siku ile nililala mpaka asubuhi.

Mkweo

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka barua yako ilipofika.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, sijaona dawa inayoitwa kuzurura na wafiwa. Huyo mpiga pasi apige pasi. Huzuni inataka mtu ale kwa wakati, alale kwa wakati, akae na watu ndani ya nyumba yenye mlango. Ukiteleza huko? Ukiumwa na nyoka? Nani atajua, nawe umeshika kijiti hutaki kuulizwa?

Nimezika mmoja. Siwezi kuzika wawili. Nijibu upesi uniambie umeacha.

Mama

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafasi ya kupumua.

Samahani, sijaacha. Nimezidisha. Siku mbili za wiki naenda peke yangu kabla ya kazi, na mlinzi wa getini ameshanizoea. Jumamosi iliyopita nilikitupa kijiti. Nikawasimulia jinsi mwanao alivyokuwa akirudi kutoka kazini, anavua buti mlangoni na kuzigonga ukutani, mpaka jirani anatutukana. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Walisikiliza, tukaendelea kutembea.

Juzi asubuhi nililala chali juu ya majani, nikatazama juu. Sikutamani kuinuka, sikutamani chochote. Nilisikia amani, Mama. Nilichelewa kazini wala sikujali.

Usiogope. Nakuandikia kwa furaha.

Mkweo

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Jana mlinzi alinisimamisha getini mbele ya wenzangu wote. Akatoa barua mfukoni. Mwandiko wako naujua kama ninavyoujua mshono wangu. "Mgonjwa huyu hana akili timamu kwa sasa na anaweza kujidhuru. Asiruhusiwe kuingia." Chini yake, muhuri wa wodi yako, wodi uliyostaafu miaka sita iliyopita! Mlinzi maskini afanye nini? Barua yenye muhuri nani ataipinga? Mpiga pasi alijaribu kunitetea, nikamwambia aende tu na wenzake.

Pale ndipo mahali pekee nilipokuwa napumua. Sasa nimerudi chumbani, koti la mume wangu linaning'inia nyuma ya mlango, nalitazama nalo linanitazama. Usiniandikie.

Mke wa mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Nilifanya kwa nia njema. Wewe mwenyewe uliandika kwamba hukutamani kuinuka. Nimewauguza wengi waliosema hivyo, na si wote waliorudi nyumbani.

Nijibu hata neno moja.

Mama

16 Mei

Mwanangu,

Hii ni wiki ya tatu naenda posta, na karani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Unakula? Unalala? Hata ukinitukana nitapokea.

Nikwambie jambo ambalo hata mwanangu sikumwambia. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Mama alinyamaza wiki nyingi, halafu asubuhi moja akaamka mchangamfu, akatusuka nywele sote, akasema anakwenda msituni kuokota kuni, na kwamba moyo wake sasa una amani. Walimkuta siku ya tatu. Neno lile lile, mwanangu. Nilipolisoma kwenye barua yako, mkono ulifika kwenye muhuri kabla ya akili.

Nimemwandikia mlinzi nikakiri kosa langu. Nimemwambia barua ile ilikuwa ya mtu mwenye hofu, si ya muuguzi. Muhuri nimeurudisha hospitali, wakanionya vikali, na nilistahili.

Nisamehe. Usiponisamehe, basi ishi tu.

Mama yako

4 Juni

Mama,

Shikamoo. Niko hai. Nakula. Mlinzi ameniruhusu tena wiki mbili sasa. Aliniomba radhi mara tatu, utadhani barua aliiandika yeye.

Habari za bibi sikuzijua. Nimemlilia yule mtoto wa miaka tisa. Lakini mimi si bibi, Mama. Siku ile juu ya majani nilisikia njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na ndiyo iliyoniinua. Ungeniuliza, ningekwambia.

Hasira bado ninayo. Ukitaka kuja, njoo, ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Ila usije kunichunga.

Mkweo

Jumamosi, 13 Juni, mezani kwako

Mwanangu,

Salamu tutapeana ukirudi. Mwenye nyumba alinifungulia saa nne. Anasema ulitoka alfajiri, na kwamba kwa kawaida saa sita huwa umerudi. Sasa ni saa saba kasorobo.

Nimeosha vikombe vilivyokuwa safi. Koti nimelishika, nikalirudisha mahali pake. Mara mbili nimevaa viatu nikufuate, mara mbili nimevivua. Nimekesha na wanaokata roho na sikuhangaika hivi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa saba na robo. Mvua imeanza. Najiambia mvua huchelewesha watu. Najiambia mpiga pasi ni mzee, mnamsubiri. Kila mtu anayevuka barabara namtazama miguu kutoka dirishani, nikitafuta viatu vyako, kisha namwacha aende zake.

Jumamosi ijayo, ukinikubali, nitakuja nawe mpaka getini. Ndani siahidi. Miaka hamsini na minane sijasogelea mahali penye miti mingi. Ila mpaka getini naweza, ukinishika mkono.

Saa saba na nusu. Viatu viko miguuni tena, sijui nimevivaa saa ngapi. Lakini nimekaa, mwanangu. Sitoki.

Kuna watu wanapanda ngazi. Mmoja anamcheka mwenzake kwa kuteleza kwenye tope, na sauti hiyo ni yako. Sijakusikia ukicheka tangu tulipomzika. Siji mlangoni. Ufungue mwenyewe.

Mama