Ule Uzi Mwekundu Haukuwa Kosa Lako, Bibi

Mwaka umetimia, Bibi, tangu kiti chako cha dirishani kibaki na mto tu, bila mtu.

Mwaka mzima! Na habari nilizo nazo, jamani, ungezisikiliza mpaka chai yako ipoe na kuota utando, vile ulivyokuwa unaipenda. Kitukuu wako ana meno manne na anang'ata kila kitu, amemng'ata hata daktari. Mjomba ameacha sigara kwa mara ya tatu, ila safari hii naona ana nia, maana amenenepa. Na mimi nimemaliza chuo! Nimevaa joho, pindo lake limefumuka nyuma, nikajua kabisa kwamba ungekuwepo ungenisimamisha palepale mbele ya wakuu wa chuo, sindano mkononi, "Simama wima, usitikisike."

Mama anasomea begani kwangu. Anasema, "Hii ni kumbukumbu ya mama yangu, si simu. Sema ulichoambiwa useme."

Sawa, nasema. Ila nianze kwanza na mazuri yako, maana nikianza na langu sitamaliza.

Ulikuwa fundi, Bibi. Wenye maduka walinunua vitambaa, wewe uliomba mabaki. Mafundi wa mtaa mzima walijua: kipande kikidondoka chini ya meza, kisifagiliwe, ni cha Bibi. Tangu mwanzo wa mwaka ulikuwa unapanga viraka kitandani kama mtu anayecheza karata, na ikifika sikukuu ya mwisho wa mwaka hakuna aliyetoka kwako mikono mitupu. Foronya, aproni, mifuko, mablanketi ya viraka. Nani hana blanketi lako? Hata yule mpangaji aliyehama bila kuaga alikuwa nalo.

Pini ulizichomeka kifuani kwenye gauni. Sisi wajukuu tulijifunza kukukumbatia kwa ubavu, na mgeni tulimtambua kwa yowe lake. "Upendo una miiba," ulikuwa unasema, huku unacheka mpaka bega linatikisika.

Na ulikuwa na sheria moja: zawadi haionwi kabla ya siku yake. Ukianza kumalizia kwa mkono, mlango wa chumba chako unafungwa. Kila ukimaliza kitu unakikunja na kukitia kwenye shuka. Anayechungulia hapati.

Macho yalipoanza kufifia hukumwambia mtu. Mtoto wa jicho alikuwa ameshatanda, unaona mwanga na kivuli cha mtu, rangi huzioni. Uliniambia mimi peke yangu, mimi ambaye wewe mwenyewe uliniita Redio kwa kuropoka. "Redio, hii usiitangaze." Sikuitangaza. Kazi yangu likizo ile ilikuwa moja tu: kila asubuhi nikutungie uzi kwenye sindano kumi na mbili, nizichomeke kwa mstari kwenye mkono wa kochi, wewe uzichukue uende nazo chumbani. Kumi na mbili zinakutosha mpaka jioni. Kazi ya dakika kumi, Bibi. Dakika kumi!

Mwaka ule fundi wa magauni ya harusi, huyu wa hapa jirani, alikuwa amekupa gunia zima la mabaki. Yote meupe. Kwa hiyo zawadi zote zilikuwa nyeupe, na kubwa kuliko zote lilikuwa blanketi la kitukuu ambaye Dada alikuwa bado amembeba tumboni. Viraka juu, pamba katikati, bitana chini, na wewe upitishe uzi mweupe kwenye tabaka zote tatu, mstari kwa mstari.

Asubuhi ya kuanza kumalizia kwa mkono, uzi mweupe ulikuwa umeisha. Ukanituma dukani. Nikafika mlangoni, simu ikalia, rafiki yangu ana habari za nani kamchumbia nani, na habari ile, nakuapia, ilikuwa tamu. Nilipokata simu nikaona uvivu wa jua. Kwenye droo kulikuwa na uzi mwekundu. Nikajiambia, si anashikiza tu leo, ataufumua. Nikazitunga zote kumi na mbili.

Ukaja, ukazipapasa, ukaniuliza, "Mweupe?"

Nami, macho kwenye simu: "Mweupe pee, Bibi."

Kesho yake nilikusudia kwenda dukani. Kweli nilikusudia. Halafu nikawaza: nikileta mweupe leo, wa jana utaonekana. Nikatunga mwekundu tena. "Mweupe?" "Mweupe pee." Siku ya tatu hata sikuwaza. Asubuhi tisa, Bibi. Sindano mia moja na nane, na kila asubuhi uliniuliza, na kila asubuhi nilikujibu, na ulinishukuru kila mara. "Mungu akupe macho mema, mjukuu wangu."

Siku ya sikukuu ulikaa kwenye kiti chako na gauni la kola, umenyooka, magoti pamoja, kama mtoto anayesubiri kupewa tuzo. Sebule imejaa. Dada akafungua lake kwanza, akalikunjua blanketi, akalishika juu ili wote waone.

Shingo zikanyooshwa kutazama.

Halafu Mama Mdogo akasema, "Mama! Hili blanketi limechinjiwa kuku?"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Wakafungua foronya, nyekundu. Aproni, nyekundu. Kila kinachofunguliwa kicheko kinapanda. Na wewe unageuza kichwa huku na huku, umeanza kutabasamu ili ucheke na wenzako, "Nini? Kuna nini? Niambieni na mimi."

"Uzi, Mama," Mjomba akasema, anajifuta machozi. "Umeshonea uzi mwekundu. Kila kitu."

"Mwekundu?"

"Wa damu!"

Ukalivuta blanketi magotini, ukapitisha vidole juu ya mishono, polepole, ukaenda nayo mpaka pembeni ukarudi. Tabasamu likashuka. Kisha ukageukia upande niliokuwa nimesimama. Hukumgeukia aliyesema la kuku. Ulinigeukia mimi.

Mimi nilikuwa nacheka, Bibi. Nilicheka kuliko wote ili mtu asinitazame. Uliponigeukia nikanyamaza. Redio inayotangaza ya kila nyumba, siku ile moja iliyotakiwa kusema, ikazima.

"Basi," ukasema. "Macho yameniaibisha."

Kesho yake ulikifunika shuka cherehani chako. Siri ya macho ilikuwa imetoka, Mama akakupeleka kwa daktari, ukapangiwa tarehe ya kumtoa yule mtoto wa jicho; ukamwambia Mama aifute, "Ya nini? Sina cha kushona tena." Halafu ukaniita. Ukanipa kopo lako la sindano, lile la biskuti lenye kifuniko kilichobonyea, na subana yako ndani yake, ile kofia ya kidole iliyolika mpaka inang'aa. "Chukua. Wewe una macho."

Unajua nilisema nini? Nilisema asante.

Miezi miwili baadaye tukakusindikiza. Hata siku ile Mjomba alipopewa nafasi ya kuzungumza alisimulia ya uzi mwekundu, kwa mapenzi tu, watu wakacheka huku wanalia, na wazee wakatikisa vichwa: maskini, uzee. Nikaketi mstari wa pili na aibu yangu, nikainama kama mtu anayesali. Kitukuu akazaliwa wiki tatu baada ya hapo. Hukumshika.

Kopo nililiweka juu ya kabati. Mwaka karibu mzima sikulifungua. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa sijastahili hata kuulizwa kama unauma.

Sasa habari yenyewe, Bibi, hii ndiyo niliyokuwa naizunguka.

Sikukuu imepita ya kwanza bila wewe. Hakuna aliyepewa kitu. Tulikula tukatazamana. Wiki iliyofuata Dada akasema atalipeleka blanketi kwa fundi wa magauni, afumue uzi mwekundu wote, alishone upya kwa mweupe. "Mtoto akikua asije kuuliza Bibi alikuwa na nini. Ni kumsitiri tu." Akanibebesha mimi blanketi, yeye kabeba mtoto.

Fundi akalitandaza kwenye meza yake ya kukatia. Akavaa miwani. Akainama. Akafuata mstari mmoja kwa kucha, akachukua rula, akapima, akafuata mwingine. Sisi tumesimama.

"Nani anataka hii ifumuliwe?"

"Sisi," Dada akajibu. "Bibi alikuwa haoni. Alikosea uzi."

"Alikosea?" Fundi akavua miwani. "Njoo hapa mama mtoto, tazama. Mishono hii inalingana toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nina macho mawili na taa, na siwezi kushona hivi. Angeshonea mweupe msingeona kitu, mngejua tu kwamba ni blanketi. Huu mwekundu ndio unaowaonyesha mkono wake." Akalipiga blanketi pale katikati kwa kiganja. "Asiyeona hukosea mshono. Rangi ya uzi si yake. Rangi ni ya aliyemtungia. Nani alikuwa anamtungia?"

Dada akafungua mdomo aseme hajui. Halafu akanigeukia.

"Redio?"

"Abee."

"Ni wewe?"

Nikaanza kulia kwa kelele, na kilichokuwa karibu cha kujishikia kilikuwa gauni la harusi lililotundikwa.

"Lia," fundi akaniambia, akinisogeza kwa bega, "lakini usilie kwenye gauni la watu."

Dada alitangulia njia nzima bila kugeuka. Nyumbani nikamkuta Mama anapiga pasi. Nikamwambia yote, ya simu, ya droo, ya mweupe pee. Hakuacha kupiga pasi. Alimaliza shati, akalitundika, akaanza jingine. Nikasema, "Mama, nipige basi."

"Nikupige ili upone?" Akakunja kola. "Waliomcheka mama yangu walikuwa sebule nzima. Nisikilize vizuri. Utawaambia wote."

"Nitawaambiaje wote?"

"Si kuna kumbukumbu inaandikwa?"

Ndiyo hii, Bibi. Ndugu, majirani, mafundi wa mtaa, nyote mnaosoma, hata wewe mpangaji popote ulipohamia: Bibi yetu hakukosea. Macho yake yalikuwa yamekwisha na mkono wake ulikuwa mzima, na angeweza kushona mpaka siku ya mwisho. Mimi ndiye niliyemtungia uzi mwekundu nikamwambia ni mweupe, mara tisa, kisha nikamcheka, kisha nikamwacha aamini ameisha. Mkisimulia tena kile kisa cha kuku, kisimulieni na jina langu.

Mama Mdogo nilimpigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "La kuku nililisema mimi. Mama alikuwa amevaa lile gauni la kola." Tukalia sote wawili, kila mtu na lake. Mjomba alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti chako bila kuuliza, akaitazama foronya yake muda mrefu, akasema mshono umenyooka kuliko barabara zote alizowahi kujenga. Akaenda nje. Nadhani alivuta sigara moja. Msameheni.

Sijui kama ulijua, Bibi. Nageuza akilini kila siku ule uso wako ulivyonigeukia, na sijui. Ikiwa ulijua na ukanisitiri, basi aibu yangu ni mara mbili, maana ulinipa kopo ukijua unampa nani.

Blanketi halikufumuliwa. Hakuna kilichofumuliwa. Kitukuu wako analala chini ya mistari yako yote, na akiamka anaifuata kwa kidole kimoja, kama ulivyoifuata wewe siku ile.

Nami nimelishusha kopo. Gunia la fundi lilikuwa bado na mabaki, kanipa, ila kwa masharti kwamba nisilikaribie gauni lolote. Nimeanza foronya za sikukuu ijayo. Mishono yangu, Bibi, ungecheka mpaka bega litikisike: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mstari unapanda kilima unateremka. Mama kasema nitumie mweupe, isionekane. Nimekataa. Nashonea mwekundu. Kila nitakayempa ataona kila mahali mkono wangu ulipopotea, na akiuliza nitamwambia.

Anakukumbuka binti yako mkubwa, ambaye sasa ndiye anayekunywa chai iliyopoa. Anakukumbuka Mama Mdogo, anaomba umsamehe lile neno. Mwanao Mjomba na pumzi zake za mtu anayeacha sigara. Dada, na mumewe aliyechomwa pini zako siku ya kwanza kutambulishwa. Kitukuu ambaye hukumwona, wala yeye hakukuona, lakini vidole vyake vinakujua. Fundi wa magauni, anayekusanya bado vipande chini ya meza bila kujua ni vya nani tena. Na mimi Redio, mjukuu wako, niliyekuwa macho yako kwa asubuhi tisa na sikukutazamia.

Asubuhi ya leo nimetunga sindano kumi na mbili, nimezichomeka kwa mstari kwenye mkono wa kochi. Zote nyekundu, Bibi. Nakwambia kabla hujauliza.

Wako daima, na hatukusahau.