Hodi Iliyogandisha Pampu

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti limepoa? Na mashine yako ya kusaga, bado inawakusanya watu wa Kibomet? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni gani. Naandika programu ya ndani kabisa ya pampu za hospitali, zile za kupitisha dawa kwa mrija. Kitufe kikibonyezwa, au hewa ikiingia mrijani, hodi inapigwa na programu inaacha papo hapo ilichokuwa ikifanya. Hapo ingefaa ifanye kama wewe. Mteja akikuita mkanda unazunguka, humwachii mashine. Unasema tu, "Weka debe kwa laini, nakuja. Si unaona niko na kazi?"

Mwenzangu ameandika upuuzi. Programu inajifungia daftari la vipimo, mwingine asiliguse, ili iandike; hodi inaikatiza, halafu mwenye kuitikia hodi, kipande kingine cha programu hiyohiyo, naye anataka daftari lilelile. Anangoja lifunguliwe, na wa kulifungua ndiye aliyesimamishwa. Wote wanaganda, huku mota ikiendelea kusukuma dawa. Nimeona jambo hilo mara mbili mezani kwangu. Ilitakiwa hodi izuiwe kidogo tu wakati daftari limefungwa. Mistari miwili, Mama!

Nikamwonyesha mkubwa wetu. Alikuwa anakula mkate, makombo yamejaa ndevuni. "Watazima na kuwasha," akasema. "Hizi za kwanza zinaenda mbali, hakuna atakayelalamika." Mwenzangu akacheka. Nikakataa kutia sahihi, na mwingine akatia kabla chai yake haijapoa.

Jana niliona karatasi za mzigo. Sanduku moja limeshafika Bungoma, kwenye wodi ya dada Nafula. Nikampigia simu. "Ati mbaya? Wewe bana! Sisi tumeomba pampu miaka mingi, sasa unatuletea maneno." Akakata.

Wewe anakusikia. Barua hii nampa jirani yangu anayerudi Kitale kesho. Nyuma ya karatasi hii nimechora pampu na kibanio cha mrija. Nenda Bungoma mwenyewe, umsimamie mpaka aelewe: saa inayoonekana kwenye kioo cha pampu ikisimama, ujue imeganda; asibonyeze kitu, afunge kibanio kwa mkono kwanza. Na awaambie wauguzi wenzake wote.

Nisalimie shangazi, na fundi wako wa mkanda.

Ni mimi mwanao, niliyekataa kutia sahihi, na haikusaidia,
Wanyonyi