Nafasi Sita, Kozi Moja

Alhamisi, Yamumbi. Mvua imeanza saa nane mchana na haina dalili ya kuchoka. Mimi nimechoka kwa niaba yake.

Leo naandika kwa daftari, nitayachapa hapa kwa blogu siku nyingine. Simu yangu haiko mkononi mwangu. Anayo binti yangu Nafula, pale kwenye meza ya sebuleni, na mimi nimekalia kigoda jikoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Kwa wasionijua, mimi ni karani wa mafaili katika kliniki moja hapa mjini Eldoret. Miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa hiyo: habari ya asubuhi daktari, faili ndiyo hii daktari, mgonjwa wako anangoja daktari. Nimewaita hivyo hata vijana ambao ndevu zao bado hazijaamua ziote upande gani. Ukilisema neno moja miaka yote hiyo, unaanza kutamani mtu wa kwako aitwe nalo. Sioni aibu kulisema hilo. Aibu yangu iko kwingine.

Nafula ndiye kifungua mimba wetu. Alipopata matokeo mazuri ya kidato cha nne, nyumba hii iliingia wazimu. Baba yake hutengeneza matrekta huko Chepsaita na huja nyumbani Jumamosi. Siku hiyo alimpigia kila mtu simu, hata watu waliokuwa wamekosana naye. Nao akina mama wa ushirika wetu wa maombi wa Jumatano walimshonea Nafula koti jeupe kwa fundi wa hapa senta, mfukoni limedariziwa jina: Dkt. Nafula. Tulimvisha mbele ya kanisa siku ya shukrani na vigelegele vikapigwa. Wakati huo hata nafasi za vyuo zilikuwa hazijatangazwa. Hilo halikumsumbua mtu, mimi nikiwa wa kwanza kutosumbuka.

Koti lingali nyuma ya mlango wa chumba chake, ndani ya plastiki.

Wazazi wenzangu mnaijua ile tovuti ya kuombea nafasi za chuo kikuu. Mtoto anajaza nafasi sita, kuanzia kozi anayoitaka zaidi. Akikosa ya kwanza anaangaliwa ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Nafula hakuwa na simu, kwa hivyo akaunti tuliifungua kwa yangu. Alipiga hesabu za alama zake wiki nzima, kisha akaandika orodha kwenye karatasi aliyoichana kutoka daftari la Kemia. Udaktari mara tatu, vyuo vitatu. Uuguzi mara mbili. Ya sita, kazi ya maabara ya hospitali. Halafu nyanya yake akaugua kule Busia, ikabidi aende kumwangalia, akaniachia ile karatasi.

"Mum, jaza tu vile nimeandika. Usibadilishe kitu, tafadhali."

Nilibadilisha.

Jumatano hiyo Mama Rebeka, anayetuongoza katika maombi, alikuwa ametuambia, "Ukiomba Mungu ugali, usiteleke uji kando." Hakuwa hata anamzungumzia Nafula. Alikuwa anamzungumzia dada mmoja aliyekuwa akiomba mume huku akimjibujibu mwanamume mwingine asiyemtaka. Lakini mimi neno hilo nililibeba mpaka nyumbani. Nilipoikunjua karatasi ya Nafula niliuona uuguzi umekaa pale kama sufuria ya uji, nikaona kuuandika ni kumwambia Mungu simwamini. Basi nikaweka udaktari nafasi zote sita, vyuo sita, nikafumba macho nikabonyeza. Kisha nikaenda jikoni nikaimba. Niliimba kweli, mpaka jirani akauliza kuna nini.

Alikosa zote sita. Kwa udaktari alama zake zilipungua kidogo tu. Kwa uuguzi zilikuwa zinatosha na kubaki.

Ningelisema siku hiyo hiyo lingekuwa kosa moja. Mimi nililifuga. Nafula aliporudi nikamwambia nafasi zimekosekana, watoto ni wengi mwaka huu. Akataka kuingia kwenye akaunti aone mwenyewe, nikamwambia nimesahau nywila.

Nywila ni tarehe yake ya kuzaliwa. Mama gani husahau hiyo?

Wiki tatu sasa mtoto huyu anapiga hesabu zile zile. Nimemkuta kwenye ngazi ya mlango na kalamu, nimemkuta akifua huku midomo ikihesabu. "Aki Mum, si Sharon wa hapo kona nilimshinda? Na yeye ameitwa nursing. Kwani mimi hata nursing imenikataa?" Nilimjibu kwamba njia za Mungu si njia zetu. Nilimsingizia Mungu, na nilikuwa na karatasi yake ndani ya Biblia, nimeikunja mara nne.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilinimaliza. Baba yake alipokuwa akinawa mikono, Nafula alisimama mbele yake akasema, "Pole Baba, nimekuangusha." Aliomba msamaha. Mimi nilikuwa nakata sukuma wiki hatua mbili kutoka pale, na niliendelea kukata. Baba Nafula si mtu mbaya. Alimwambia, "Wewe ni dakitari. Dakitari akianguka anainuka." Kisha akaanza kumtafutia shule ya kurudia kidato cha nne, na mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Soy akakubali.

Sasa dirisha la waliokosa kuomba tena limefunguliwa kwenye tovuti, na kesho linafungwa. Nafasi za udaktari zimeisha. Za uuguzi zimebaki chache, katika vyuo vya mbali. Asubuhi Baba Nafula alinipigia nikiwa kazini, akasema mwalimu mkuu anataka jibu kesho, mtoto apange sanduku. Nikasema sawa. Nimekuwa mwepesi sana wa kusema sawa siku hizi.

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mchana. Nilimkuta Nafula ameketi mlangoni na sindano, sketi yake ya shule iko magotini, anafumua upindo. "Imekuwa fupi," akaniambia, "lakini iko na upindo mkubwa. Itashuka tu." Alisema kwa upole, bila kulalamika. Alikuwa anairefusha sketi aende kuketi na watoto waliokuwa nyuma yake, kwa sababu ya kidole changu mimi.

Nilishindwa kuvua hata viatu. Nilienda moja kwa moja kwenye Biblia, nikatoa karatasi, nikaiweka juu ya ile sketi.

"Sikujaza hivi," nikamwambia. Nikaeleza yote, uji na ugali, macho niliyofumba, nywila.

Akaiangalia karatasi. "Nursing haukuweka?"

"Sikuweka."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Kilio ningekiweza, ningempakata. Lakini aliichomeka sindano kwenye kitambaa, mvua inaanza kugonga mabati. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea matokeo upya, "Kwa hivyo si ati mimi ni mjinga."

Halafu akasema, "Wiki tatu, Mum."

Nikaanza kueleza habari ya imani. Hakunipa nafasi. "Mungu hakujaza hiyo form. Ni wewe ulijaza." Hajawahi kunijibu hivyo tangu azaliwe. Alikuwa sawa, na hakuwa amepaza sauti.

"Pigia Baba," akasema. "Saa hii."

Nilimpigia. Nyuma yake kulikuwa na trekta inanguruma. Nilisema kila kitu kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua nikipumua nitakata simu. Trekta ikazimwa. Baba Nafula akasema, "Kumbe mtoto aliniomba pole ya bure." Nikasema ndiyo. "Na wewe ulikuwa hapo." Nikasema nilikuwa hapo. Akasema, "Mpe simu." Nafula akaenda nayo kwenye veranda. Nilisikia tu "Sawa, Baba" mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa imelowa.

Aliporudi alinyoosha mkono na kusema, "Password."

Nikamtajia. Aliingia, akaziona zile nafasi sita, zote kitu kimoja. Akatikisa kichwa mara moja. Kisha akaibadilisha nywila hapo hapo, akiwa amenipa mgongo nisiione skrini. Iliniuma. Naandika kwamba iliniuma ili nisije nikajifanya kesho kwamba niliyapokea yote kwa unyenyekevu.

Jumatano ijayo nitasimama mbele ya ushirika niseme nilichofanya. Mama Rebeka simlaumu, yeye alikuwa anazungumzia mambo ya mume. Koti lile sijui nitalifanyia nini. Wenyewe walishona kwa upendo, na upendo pia unaweza kumtangulia mtu mpaka akaukosa njiani. Mimi nimejifunza hilo nikiwa na umri huu, wakati wenzangu wanajifunza kupumzika.

Kinachonichosha zaidi si kazi ya kumsaidia mtoto. Kuamka mapema nimeweza, kumwombea nimeweza, kubeba mafaili ya watoto wa watu huku nikimwaza wangu nimeweza. Kuketi na kumwachia ndiko sijui kunafanywaje. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Sasa yuko mezani. Sketi ya shule ameikunja na kuiweka kwenye kiti, upindo haujamalizika upande wowote. Ile karatasi ya Kemia ameinyoosha kwa kiganja, anakata mistari, anaandika mingine pembeni. Labda ni uuguzi wa mbali. Labda ataamua kurudia, kwa sababu ametaka mwenyewe. Labda ni kitu ambacho sijawahi kukifikiria. Muda si mrefu uliopita amecheka kidogo peke yake, na sijui ameona nini.

Nimepita hapo na chupa ya chai mara mbili. Mara zote mbili nimeitazama chupa tu, karatasi sikuichungulia.