Picha Moja Iliyobaki, na Jua la Shamba Lisilo Letu

Jumapili. Baridi ya kuuma, umande hadi magotini, ukungu kwenye mikaratusi. Vidole vimekufa ganzi, na moyo nao vivyo hivyo.

Nimeolewa wiki sita tu. Hadi juzi nilikuwa mjinga wa furaha: nikimwona Njoroge akifunga vifungo vya shati, nasimama nikitazama kana kwamba ni sinema. Nampenda hata leo. Najua nampenda, kama mtu anavyojua ana miguu hata ikiwa imekufa ganzi.

Jana tuligawana shamba.

Chama chetu kilinunua shamba la Mzungu aliyerudi kwao, huku upande wa Kaptagat. Namba za vipande ziliandikwa kwenye karatasi, zikakunjwa, zikatiwa ndani ya kofia. Wazee walisema mkono wa bibi harusi una baraka, kwa hiyo Njoroge akanisukuma mbele nichague kwa niaba yetu. Alikuwa anatabasamu. Wanachama walikuwa wengi kuliko vipande, lakini nani angefikiria hilo siku kama ile?

Nikakunjua karatasi. Haikuwa na namba.

"Kumbe baraka zote ziliishia kanisani!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka. Mwenyekiti akatuambia tungoje shamba lingine, akipata. Sikulia. Nilitazama tu ile karatasi, nikaona ni safi sana.

Leo tulienda shambani hata hivyo. Tulikuwa tumepanga kupiga picha jua likichomoza juu ya kipande chetu, tumpelekee mama yangu Nyeri. Mama hakutaka nije huku. Alisema ninafuata mwanaume na hadithi ya ardhi. Kwenye kamera aliyonipa mjomba siku ya harusi ilibaki picha moja.

Jua lilipanda nyuma ya miti, na miale ikapita katikati ya ukungu, mirefu, iliyonyooka, kama mtu amefungua mlango wa mbinguni. Njoroge alisimama mbele ya miale hiyo akiwa na koti lake la harusi. Mungu wangu, alivyopendeza! Niliona hivyo, na bado sikuhisi chochote moyoni.

Karatasi ya maelezo ya filamu ina michoro ya jua kali, mawingu na kivuli. Haina mchoro wa jua linalochomoza. Lakini shuleni mwalimu wa sayansi alitufundisha: ukiirekebisha kamera kwa kupimia mwanga wa angani, miale itatoka vizuri na mtu atakuwa mweusi tii. Ukimpimia mtu, uso utaonekana na anga itaungua, iwe nyeupe tupu. Ukichukua katikati, unapoteza kidogo huku na kidogo huku. Nilikuwa nimeshaiweka kamera katikati.

"Piga jua, mpenzi," Njoroge akasema. "Mimi niache niwe kivuli. Mama aone shamba."

"Shamba la nani?"

"Aone tu. Tutamwambia baadaye, tukipata lingine."

Hapo nikaelewa picha hiyo ilikuwa ya kazi gani: kumficha mama ukweli. Nikapunguza kasi ya shata, mwanga uingie kwa muda zaidi. Nikafungua lenzi hadi mwisho. Nikapimia uso wake, macho yake mekundu ambayo hayakulala, nikabonyeza.

"Umepata miale?" akauliza.

"Hapana. Nimekupata wewe. Shamba halitaonekana."

Akavua koti, akalikunja, akatangulia kwenda barabarani. Hajasema neno tangu asubuhi, ila jioni hii amenimiminia chai, kikombe changu kwanza.

Sijui kama huo ni msamaha. Sijaomba.

Kesho nitamwandikia mama barua kwamba hatukupata shamba. Nitaiandika mezani, Njoroge akiwepo, nimsomee kabla sijafunga bahasha. Labda nikifika kwenye neno hilo nitalia, hatimaye, na yeye atakuwa karibu.

Na asipokuwa karibu, je?